Babu Hanywi Bakulini

Picha ya kwanza niliyotumiwa na binti wa kaka yangu mwaka jana haikuwa ya theluji. Ilikuwa ya kinyesi. Kinyesi kidogo, ukubwa wa punje ya harage, kimewekwa kwenye karatasi ya shashi, nusu yake kahawia na nusu yake rangi ya chungwa. Chini ameandika: "Shangazi, hii ni kawaida?"

Ilikuwa saa tatu asubuhi, nina kikombe cha chai mkononi na wateja wawili wanakagua miche ya avokado. Nikaweka kikombe chini, nikaikuza ile picha kwa vidole, halafu nikageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu anayeona ninachokikodolea macho.

Binti huyu ana miaka 14 na anaishi Hamburg na baba yake, mdogo wangu, ambaye ni nesi huko. Alipewa kinyonga siku yake ya kuzaliwa. Ni wa ile aina ya Yemeni, mwenye kichwa kilichopanda kama kofia ndefu, aliyezaliwa hukohuko Ujerumani kwa mfugaji. Alimwita Babu kwa sababu ya ile kofia, na kwa sababu kabla ya kuinua mguu huyu bwana hufikiria kwanza, hutikisika mbele na nyuma, kisha hughairi. Na mimi ndiye niliyeulizwa kwa sababu, kwa akili ya mtoto wa Hamburg, shangazi anayeishi Nakuru lazima anajua vinyonga.

Sivijui. Ninachokijua ni maji. Nina kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Njoro, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kazi ya kitalu ni maji kuliko ilivyo miche. Ukiniletea mche uliolegea nitakuambia kama umelegezwa na kiu au umelegezwa na maji kupita kiasi, kwa sababu yote mawili hulegeza majani vilevile, na wengi wanaokuja kwangu kulalamika kwamba mche ulikufa kwa ukame waliuzamisha wenyewe.

Lakini ile rangi ya chungwa niliielewa kabla sijaambiwa. Mtu yeyote aliyewahi kufagia banda la kuku anaijua ile sehemu nyeupe juu ya kinyesi, kama chokaa. Huo ndio mkojo wa kuku. Ndege na wanyama wa jamii ya mijusi hawakojoi maji mengi kama sisi. Uchafu wa damu huutoa ukiwa mzito, karibu unga, ili maji yabaki mwilini. Kwa kinyonga ni vivyo hivyo. Akiwa ameshiba maji, sehemu ile huwa nyeupe. Ikiwa na ncha ya njano kidogo si neno. Ikigeuka njano yote, au chungwa, na ikawa ngumu kama mchanga, figo zinakamua tone la mwisho. Akiachwa hivyo miezi, zile figo huharibika, na figo iliyoharibika hairudi kwa kumwagiwa maji.

Nikamwandikia: hapana, si kawaida. Mtazame macho.

Macho nilijua kwa sababu nina deni la zamani na vinyonga. Nilipokuwa na miaka tisa, kule Kimilili, nilimtoa mmoja kwenye ua wa maboma nikamweka ndani ya katoni ya sabuni. Nilimtolea huduma zote nilizoweza kufikiria: majani, nzi wawili niliowakata mabawa, na kizibo cha soda kilichojaa maji hadi ukingoni. Kila nikitoka shule nilikuta kizibo kimejaa vilevile. Nilidhani amesusa. Siku ya tatu macho yake, ambayo kwa kawaida hutokeza kama vibanda viwili vinavyozunguka, yalikuwa yamezama, kama mtu ameyabonyeza kwa kidole gumba. Siku ya nne alikuwa mwepesi kama ganda la njugu. Alikufa kwa kiu na maji yako inchi mbili kutoka puani.

Jibu la Hamburg likaja baada ya dakika tano. Macho ya Babu yalikuwa yamezama. Na ndiyo, alisema, bakuli lake lina maji, tena yeye huyabadilisha kila siku.

Kwa hiyo kesho yake nikaamka mapema kwenda kutazama wale wasio na bakuli.

Kitalu changu kimezungukwa na ua wa kayaba, ule wenye miiba ambao hata mbwa haupiti, na ndani ya kayaba wanaishi vinyonga ambao miaka yote nimewaona bila kuwatazama. Ni wadogo, wana kipembe kimoja kifupi puani na ndevu za miiba laini chini ya kidevu. Kitaalamu huitwa Trioceros hoehnelii, kwa heshima ya Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria aliyepita nchi hii na Teleki, kabaila wa Hungaria, mwaka 1887 na 1888. Kinyonga wa milima ya Kenya, jina la baharia. Mambo ya nchi hii.

Ilikuwa Januari. Wanaoijua Nakuru wanaijua Januari yake: mvua ilikwisha Desemba, upepo unakuja na vumbi, na husemwa kwamba hata jina la mji Wamaasai walilitoa kwenye vumbi. Hakuna tone la mvua kwa wiki tano. Mchana ngozi ya mkono inapauka, midomo inapasuka. Wanakunywa nini hawa? Chini ya ua pana karai la kuku, limejaa, halifiki mita moja kutoka matawini. Sijawahi kumwona kinyonga akishuka kulinywea.

Nilitoka saa kumi na moja na nusu na tochi. Usiku vinyonga hupauka wakilala, na kwenye mwanga wa tochi huonekana kama vipande vya karatasi vilivyokwama kwenye miiba. Nilimpata mmoja ambaye mkia wake umejiviringa kama springi ndani ya saa ya zamani. Nikamsogelea hadi pumzi yangu ikawa inamfikia. Alikuwa amelowa. Si maji ya mtu, maana kitalu hunyunyiziwa saa mbili. Ulikuwa umande. Mgongo mzima, zile ndevu, kope zenyewe, vimejaa matone madogo kama shanga, na kila jani la kayaba lilikuwa na tone lake nchani. Nikapitisha kiganja kwenye matawi, kikarudi kinachuruzika. Katikati ya ukame.

Hili ndilo sikulijua kwa miaka yote ya kumwagilia. Nakuru ni juu, kama mita 1,850, na usiku usio na mawingu joto huondoka mara moja. Hewa ileile iliyokuwa kavu saa tisa mchana hupoa mpaka haiwezi kubeba maji yake tena, ikayaacha juu ya kila kitu. Kwa kinyonga siku ina sehemu mbili: mchana mkavu, usiku wa maji. Usiku mzima alikuwa amelala ndani ya kinywaji chake, akivuta hewa yenye unyevu, na asubuhi ameandaliwa meza.

Jua lilipogusa ua, saa moja kasoro hivi, alianza kubadilika. Ubavu wa upande wa jua ukawa mweusi na ukapanuka, kama mtu anayegeuzia jiko mgongo. Jicho moja likanifungukia mimi. Jingine lilienda kwenye jani lililokuwa mbele yake, ambapo tone lilining'inia likitetemeka, jua limeingia ndani yake likawaka.

Akakaa. Akakaa sana. Niliinuka kunyoosha magoti, nikarudi, bado amekaa. Kisha akapeleka kichwa mbele, akarudisha. Akapeleka tena. Ule ulimi wa kuwindia, unaoruka zaidi ya urefu wa mwili wake, hakuutumia. Alitoa ncha tu, nene, ya waridi, akaligusa jani kama mtu anayelamba stempu. Akainua kidevu, koo likapanda na kushuka, taya zikatafuna maji. Ndiyo, alitafuna. Akaenda jani la pili, na la tatu. Kwenye la nne alilamba mahali pasipo na tone, akagundua, akarudi la tatu.

Nikawaza kile kizibo changu cha Kimilili. Maji yaliyotulia kwake si maji. Anachokiona ni kinachong'aa na kutikisika: tone linaloning'inia, linaloteleza, linaloanguka. Karai la kuku kwake ni sehemu ya sakafu.

Jioni hiyo tukapigiana simu ya video, nikamhoji kama afisa wa polisi. Kasha la Babu lilikuwa la kioo, kando ya kile chombo cha chuma kinachopasha nyumba joto wakati wa baridi. Hewa ya nyumba hizo Januari, kaka aliniambia, hukausha hata mbao za sakafu zikalia. Nikamwuliza kipima unyevu kinasema nini usiku. Akaenda kusoma: asilimia 28. Unampulizia lini? Akitoka shule, saa nane mchana, chini ya taa yake ya joto. Na usiku kuna joto kiasi gani? "Shangazi, tunaacha moto usiku kucha, tusije tukamwua kwa baridi."

Yaani walikuwa wamegeuza dunia juu chini. Mchana, wakati mwili wake unataka kukauka na kuota jua, wanamnyunyizia maji yanayokauka kabla hajageuza shingo. Usiku, wakati wa umande, wanamweka jangwani. Na Yemeni si jangwa tupu kama jina linavyotufanya tudhani. Milima yake ya magharibi wanakotoka vinyonga hawa hupata ukungu.

Kabla sijafika kwenye tulichofanya, niseme nilichoharibu mimi. Kwa kuona macho yamezama, nikashauri kwa haraka: baba yako ni nesi, nyumbani hamkosi bomba la sindano, mfungueni mdomo mumwekee maji. Walifanya mara moja. Babu akapiga chafya na kugeuka rangi ya mkaa. Kwa bahati walikuwa na miadi ya daktari wa wanyama anayejua mijusi, na yule mama aliwaeleza, kwa upole zaidi ya nilivyostahili, kwamba tundu la pumzi la kinyonga liko palepale sakafuni mwa kinywa, mbele. Ukimmiminia maji bila yeye kuyataka, unayapeleka mapafuni. Kinyonga aliyedhoofika kiasi hicho hupewa maji chini ya ngozi na mtu anayejua kazi, naye Babu alipewa. Mtu wa kawaida anaweza kumdondoshea tone moja kwenye ncha ya pua na kungoja alilambe mwenyewe. Asipolilamba, mwache. Nilikaa siku mbili bila kuandika chochote kwenye kundi la familia.

Nilipopata ujasiri tena tulianza na bakuli. Likaondolewa. Kwa kweli maji yaliyotuama kwenye joto la taa ni shamba la vijidudu, na wadudu wa chakula huzamia humo. Kasha likahamishwa mbali na moto, na usiku moto wa chumba kile ukazimwa. Nyuzi 18 usiku hazimdhuru kinyonga mzima wa Yemeni aliyekuwa na joto zuri mchana. Mimea ya plastiki ikatupwa. Hapa nilikuwa kwenye eneo langu: haibiskasi, fikasi ndogo, na ule mmea utambaao ambao wateja wangu huita maniplanti. Nikamwonya jambo ambalo wauza miche hatupendi kulisema kwa sauti, kwamba mimea ya dukani mara nyingi imepuliziwa dawa. Aoshe majani yote, abadilishe udongo, na auache mmea ukae wiki kadhaa kabla Babu hajaulamba. Vilevile chupa ya kupulizia inunuliwe mpya. Nimeona watu wakisuuza pampu iliyobeba dawa ya wadudu na kuiita safi. Haiwi safi.

Kisha maji yenyewe. Apulizie majani, si kinyonga. Ukimlenga usoni anafunga macho na kuyaona maji kama adui. Mara ya kwanza alfajiri kabla taa haijawaka, mara ya pili usiku baada ya taa kuzimwa, hadi majani yachuruzike. Kaka akanunua kile kichombo kinachotoa ukungu baridi, kikawekewa saa ya kujiwasha kati ya usiku wa manane na alfajiri. Kichombo hicho husafishwa kila baada ya siku chache, la sivyo kinapuliza ute wa vijidudu ndani ya mapafu. Mchana, pakauke. Kwa mchana mkali tukamtengenezea dripu: mkebe wa maziwa ya mgando, tundu moja la sindano kwenye kitako, umewekwa juu ya kasha ili tone lidondoke kwenye jani la haibiskasi, lishuke jani la pili, liishie kwenye kikombe chini. Baba mtu alitaka kuleta dripu halisi ya hospitali yenye kile kigurudumu cha kupunguza. Nikamwambia mkebe unatosha.

Wiki mbili baadaye nyeupe ikaanza kurudi kwenye kinyesi. Nilitumiwa picha, bila shaka.

Wiki ya nne tukalipia furaha yetu. Binti alikuwa amenogewa, akawa anapulizia kila akipita, mara sita, mara nane kwa siku, mlango wa kioo umefungwa. Udongo wa chungu ukaanza kunuka. Babu akawa anakaa kidevu juu, mdomo wazi kidogo, na ukisikiliza vizuri kuna mlio kama wa kidole kwenye kitufe. Yule daktari tena: mapafu yameanza kupata maambukizi. Nilijilaumu kwa sababu hili ndilo somo ninalowahubiria wateja kila siku. Mche unaomwagiliwa mchana kutwa huoza shingo, na mizizi inayoogelea haipumui. Kukauka kati ya maji na maji ni nusu ya kumwagilia. Nilikuwa nimemfundisha nusu nyingine tu. Baada ya dawa wakabadilisha pande mbili za kasha, kioo kikatoka, wavu ukaingia, upepo ukapita.

Kuna maji mengine ambayo watu hawayahesabu, yale yaliyomo kwenye wadudu. Haya nilifundishwa na mteja kutoka Siaya, anayenunua mipapai kwangu na kufuga nyenje kwake. Ufugaji wa nyenje umeshika upande ule wa Bondo tangu chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiutie maanani kama chakula cha watu. Yeye hawawekei nyenje maji ya wazi, kwa kuwa hujitupa humo na kufa. Huwawekea pamba iliyoloweshwa, na majani ya sukuma wiki na vipande vya karoti. Nyenje aliyekula karoti amebeba maji tumboni, na anayemla nyenje anakunywa karoti. Nyenje wa dukani Hamburg walikuwa wanakaa kwenye kopo kavu siku tatu kabla ya kuliwa, matumbo yamebonyea. Binti akaanza kuwalisha jioni ili wawe wamenona asubuhi. Babu pia huuma majani ya haibiskasi yenyewe. Vinyonga wa Yemeni wakiwa wakubwa hula majani kidogo, na wafugaji wengi hudhani ni kwa ajili ya maji.

Na ulimi nao unadai maji. Watafiti walichapisha mwaka 2016 kwamba ute ulio kwenye ncha ya ulimi wa kinyonga ni mzito kama mara 400 kuliko mate ya binadamu, na ndio unaomgandisha mdudu. Wakati wa kiu yake Babu alikuwa akirusha ulimi, nyenje anaguswa, nyenje anaondoka zake. Familia ilifikiri ni uzee.

Kisa cha kiu ya kinyonga ninachokipenda kuliko vyote kilitokea mbali sana na Nakuru. Mwaka 1972 shehena ya vinyonga wa Kenya wenye pembe tatu, wale wa Jackson, ilifika Hawaii kwa mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, kisiwa cha Oahu. Walifika wamekonda na kukauka kwa safari. Mwenye duka akawaachilia kwenye ua wa nyumba yake wapate kujirudi. Walijirudi, kisha wakaondoka. Ua ulikuwa na mvua na ukungu wa milimani, kila kitu walichokiacha huku kwetu isipokuwa tai na nyoka, na leo wako kwenye visiwa kadhaa, wanakula konokono wa asili ambao wenyeji wanawalilia. Kenya ilikuja kufunga biashara ya kuwauza nje mwaka 1981. Hakuna aliyewapa bakuli.

Hapa kwetu, mtu akisoma haya akasema ngoja nikamtoe mmoja kwenye kayaba nijaribu, asijaribu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kutoka KWS, shirika la wanyamapori la serikali, na wa uani hana sababu ya kuwa ndani. Umande wake anaupata bure.

Wala wengi hawatajaribu, maana wengi wanamkimbia. Mwezi wa tatu mama mmoja aliangusha mche wa embe wa shilingi mia mbili na hamsini, akarudi kinyumenyume hadi barabarani, kwa sababu kinyonga alikuwa amelala kwenye jani. Akaapa kwamba anauma na hang'oki hadi radi ipige. Nilimpa mche mwingine. Mwenye duka la jirani, Mluo, akimwona kinyonga huita ng'ong'ruok na kutema mate. Sijamcheka yeyote, kwa kuwa mimi mwenyewe nililelewa na hadithi ya Kukhu.

Kukhu, bibi yangu mzaa baba, alisimulia vile Wabukusu wote wanavyosimulia. Mmoja wa wana wa Maina, mtu wa kale, alikuwa ameketi nje ya nyumba jioni anakula. Kinyonga akaja, akaomba. Akanyimwa. Akaomba tena, tena, tena, kwa ule mwendo wake, mpaka mtu akakasirika. Ndipo kinyonga akasema, mimi naenda zangu, lakini ninyi mtaanza kufa. Baadaye kinyonga akaenda kwa nyoka, akaomba, akapewa, akambariki, na kwa hiyo nyoka huvua ngozi akaendelea kuishi, na sisi tunazikana. Siku ile alipokuta katoni yangu ya sabuni, Kukhu hakunipiga. Alikiangalia kile kizibo kilichojaa, akauliza, "Umempa anachotaka, au umempa ulichonacho?" Kisha akaniamuru nikamzike mbali na nyumba. Nilidhani ni swali la hasira.

Desemba walikuja wote, kaka na binti. Babu akabaki kwa jirani mwenye maelekezo ya kurasa mbili. Asubuhi ya pili binti aliniamsha yeye. Tukatoka saa kumi na moja na nusu, amejifunga leso yangu, miguu imelowa hadi magotini kwa nyasi. Nilimwonyesha kwa tochi. Alitaka kugusa, nikamshika mkono. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaiwasha simu yake saa ya kupimia, akaiweka gotini.

Jua likaja. Ubavu ukawa mweusi. Jicho likalipata tone. Kisha ule ukimya, yeye na kinyonga, hakuna anayepepesa. Mimi nikaenda kufungua maji ya kitalu, nikarudi. Bado. Alipolamba jani la kwanza binti hakusema kitu. Alibonyeza simu, akaitazama, akanigeukia.

"Shangazi. Dakika kumi na moja kabla ya kuanza."

"Huwa wanachelewa."

"Mimi humpulizia dakika mbili, halafu naenda kunywa chai. Huwa nakuta majani yamekauka, nikidhani ni yeye."

Mwaka mzima wa simu, na mimi sikuwahi kuuliza dakika ngapi, wala sikuwahi kupima. Jirani wa Hamburg alitumiwa ujumbe palepale uani. Walivyorudi Januari, sauti ya kwanza niliyopokea ilikuwa ya kaka, amechoka, nyuma yake maji yanasikika yakigonga majani: "Dada, nimetoka zamu ya usiku. Nimesimama hapa na chupa dakika ya saba, kidole kimekufa ganzi, na huyu mzee ananiangalia tu."